Mikaeli na Watoto: Tuwape Wimbo Unaowatosha

Hotuba kwa wazazi, walezi na walimu wa shule ya Jumapili, Dar es Salaam

Mchungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, walimu wenzetu, wazazi na walezi: Bwana Yesu asifiwe.

Zimebaki wiki nane kufika Siku ya Mikaeli na Watoto, Jumapili ile iliyo jirani na tarehe 29 Septemba, ambayo sisi Walutheri wa Tanzania tunawaachia watoto ibada. Ndugu zetu Wakatoliki nao wana Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, Desemba kuna maigizo ya Noeli. Familia ya hapa mjini yenye watoto wawili watatu haikosi siku ya kujipanga kwenye benchi, bibi mbele, kichanga mapajani, kuwasikiliza wakubwa wake wakiimba.

Tuna neno moja la kuwaambia. Shati la mtoto hatulishoni kwa kipimo cha baba yake, lakini wimbo wake tunaushona hivyo kila mwaka. Spika zake tunazipima kwa masikio ya watu wazima, na ratiba yake kwa subira ya watu wazima. Kisha Jumapili ikifika, mtoto anasimama mbele akiwa ndani ya vitu vinavyompwaya, na mama yake aliyeamka alfajiri kumsuka nywele hasikii hata neno moja analoimba.

Tuanze na koo, kwa sababu huko ndiko mengi huharibikia.

Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi na nyembamba kuliko za mtu mzima, ndiyo maana sauti yake inakaa juu. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 yuko salama kuanzia D iliyo jirani na C ya kati ya kinanda, akipanda hadi A. Ni noti chache, na zinatosha. Wa miaka 7 hadi 9 anashuka mpaka C ya kati na kupanda mpaka C au D ya juu yake. Wa miaka 10 hadi 12, aliyefanya mazoezi, anaweza kugusa A ya chini na kufika E ya juu. Hivi si vipimo vya sheria, maana watoto hawalingani, lakini ukivifuata utakosea mara chache.

Sasa tazameni kinachotokea mazoezini. Mwalimu mwanamume anasimama, anaanzisha wimbo kwa sauti yake, okteva moja, yaani hatua nane za noti, chini ya watoto. Wachache hupanda wenyewe mahali pao. Waliobaki wanamfuata huko chini, ambako hawana sauti, kwa hiyo wanaguna na kuburuta. Mwalimu anaona hawasikiki, anawaambia "Pazeni sauti!" Wanapiga kelele. Mishipa ya shingo inasimama, kidevu kinapanda juu, na baada ya beti mbili wimbo umegeuka zogo. Watu husema watoto hawa hawana sauti. Sauti wanayo, tatizo ni pale wimbo ulipoanzishwa.

Dawa yake ni rahisi. Anayetoa sauti ya kuanzia awe mama, au mtoto mkubwa mwenye sikio zuri, au kinanda. Mwalimu mwanamume akilazimika, atumie ile sauti yake nyembamba ya juu, hata kama hajaizoea. Na kabla ya kuchagua wimbo, tafuta noti yake ya chini kabisa na ya juu kabisa. Tuseme wimbo mnaoupenda ibadani unashuka hadi G iliyo chini ya C ya kati na kupanda hadi G inayofuata. Kwa watu wazima uko sawa. Kwa watoto wa miaka minane nusu ya wimbo imezama. Bonyeza transipozi ya kinanda, kitufe kinachohamisha noti zote juu au chini, mara tano kwenda juu: noti ya chini inakuwa C ya kati, ya juu inakuwa C inayofuata, na wimbo wote umeingia kwenye koo la mtoto bila mpiga kinanda kubadili kidole. Mnaofundisha kwa nota za solfa ndio wenye kazi nyepesi, kwani mnaihamisha do tu.

Mzazi, hapa una sehemu yako. Ukimfanyisha mtoto mazoezi nyumbani kwa video ya kwaya kubwa uliyoikuta mtandaoni, utamfundisha wimbo uleule kwa ki nyingine, yaani ukianzia juu au chini ya pale tunapoanzia sisi, na kwa mwendo mwingine, na Jumamosi tutaanza upya. Tutatuma kwenye kundi la WhatsApp sauti iliyorekodiwa na mama au mtoto, katika ki ileile tutakayoimbia. Mchezee hiyo. Mara tatu asubuhi wakati wa kuvaa sare za shule, basi.

Kuhusu sauti nne, tunawasihi walimu wenzetu wasiwape watoto walio chini ya miaka 9. Tunajua kwaya kuu inaimba sauti nne na tunaionea fahari. Mtoto mdogo bado anajifunza kuishika sauti moja, na ukimpa ya pili atateleza arudi kwenye ya kwanza, akiburuta na jirani yake. Tumieni kuitikizana, jinsi ngoma zetu zinavyofanya tangu zamani: mmoja anaanzisha, wengine wanajibu kwa kiitikio kifupi. Kuitikizana kunampa kila mtoto muda wa kuvuta pumzi, na akisahau ubeti hapotei, kiitikio kinamrudisha. Wakishaweza hilo, wagawe makundi mawili waimbe kwa kufuatana, kundi la pili likianza mstari mmoja nyuma. Kanisa linajaa sauti na hakuna aliyeongezewa noti mpya.

Kuna mtoto mmoja katika kila kundi ambaye sauti yake inakwenda upande wake. Tunaomba asiambiwe afunge mdomo, wala aigize kuimba kwa midomo tu. Wengi walio chini ya miaka 8 bado wanajifunza kulinganisha sauti na ile wanayoisikia, na huijulia kwa kuimba. Msimamishe katikati ya wawili wenye sauti thabiti, si pembeni, wala karibu na ngoma. Mpe noti kwa kuishusha ilipo yake kwanza, mkutane hapo, kisha mpande pamoja taratibu. Neno la "wewe huimbi" likimwingia mtoto akiwa na miaka sita, ana miaka arobaini bado anajua kwamba haimbi.

Mazoezi yenyewe yasizidi dakika 30 kwa wadogo na saa moja kwa wakubwa, mara mbili kwa wiki. Namna ya kufundisha: mwalimu anaimba mstari mmoja mara mbili watoto wakiwa kimya, kisha wanaurudia. Mkiimba pamoja tangu mwanzo, watoto wanasikia sauti yao wenyewe wala si ya mwalimu, na kosa la wiki ya kwanza linaota mizizi. Anzeni na kiitikio, maana ndicho kitakachorudiwa zaidi. Wiki mbili za kwanza ni kiitikio na ubeti mmoja. Wiki ya tano wajue mahali pa kusimama. Wiki ya sita maikrofoni ziwepo, kwa sababu mtoto anayekutana na maikrofoni kwa mara ya kwanza siku ya ibada hugeuka akaitazama badala ya kuimba. Jumamosi ya mwisho pitieni mara moja tu, mwaachie sauti za Jumapili.

Na tafadhali, mayai mabichi yakae mbali na watoto. Chakula kinapita njia ya umio, nyuzi za sauti ziko njia ya hewa. Yai halizigusi, tangawizi haizigusi, na yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kinachosaidia ni maji kidogo kidogo tangu siku iliyotangulia, usingizi, na kutopiga kelele uwanjani Jumamosi jioni. Mtoto ambaye sauti yake imekwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Sasa mitambo. Tunajua ndugu zetu wa mitambo wanafika mapema kuliko wote na wanaondoka mwisho, na tunawashukuru. Lakini kwaya ya watoto si mhubiri, haipewi maikrofoni ya mkononi ipitishwe midomoni. Kwa watoto 30 waliosimama mistari mitatu, kumi kila mstari, mnahitaji upana wa mita tano. Wekeni maikrofoni mbili kwenye stendi, kila moja umbali wa sentimita 60 hadi 90 kutoka mstari wa mbele, juu kidogo ya vichwa vyao, zikielekea midomo ya mstari wa kati. Baina ya maikrofoni na maikrofoni pawe na umbali usiopungua mara tatu ya ule wa maikrofoni na mtoto, yaani mita 1.8 hadi 2.7 hivi. Mkizisogeza karibu kuliko hapo, sauti ya mtoto mmoja inaingia zote mbili kwa nyakati tofauti kidogo, na inatoka nyembamba kama inayopita kwenye bomba.

Spika zikae mbele ya maikrofoni, zikiwatazama waumini. Ukisikia mluzi, spika inajisikia yenyewe kupitia maikrofoni. Mara nyingi mtu hukimbilia kushusha sauti ya kila kitu, watoto wakapotea. Anzeni kwa kusogeza maikrofoni karibu na watoto na kuigeuza mgongo kwa spika, kisha ndipo mguse mikisa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti. Mtoto wa kuimba peke yake afundishwe kuishika maikrofoni kwenye mpini, sentimita tano hadi kumi kutoka mdomoni. Akikumbatia kichwa chake kwa kiganja kama anavyowaona wasanii, itapiga mluzi hapohapo.

Biti ya kwenye flashi, yaani muziki uliorekodiwa ili watoto waimbe juu yake, ni mtihani mwingine. Inarekodiwa ikiwa nene, imejaa besi, na fundi anaipandisha ili kanisa lichangamke. Kipimo chetu ni hiki: mtu asiyeujua wimbo akae benchi la mwisho. Asiposikia maneno, biti inashuka. Watoto hawapandishwi, kwa sababu hawana pa kupanda. Iwekeni biti kwenye flashi na kwenye simu ya akiba, na simu hiyo iwe imezimwa mtandao, maana simu ikiingia katikati ya ubeti, wimbo unakatika. Na mara moja katika wiki hizi nane imbeni bila umeme kabisa, kwa ngoma na kayamba tu. Umeme ukikatika siku yenyewe, watoto waliokwisha kulifanya hilo wataendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea. Kayamba za watoto wadogo mnaweza kuzitengeneza kwa chupa za soda za nusu lita zenye vijiko viwili vya mchele au dengu, kifuniko kimezungushiwa utepe wa gundi. Ukijaza zaidi ya theluthi, punje hazina nafasi ya kuruka na sauti inafa.

Jengo nalo lina tabia yake. Ukumbi wa kuta za saruji na paa la bati ukiwa mtupu Jumamosi unarudisha mwangwi, ukijaa watu Jumapili unaumeza. Msishangae sauti iliyonguruma jana ikisinyaa leo. Kwenye kanisa refu la zamani kama Azania Front mwangwi unakaa zaidi, kwa hiyo wimbo wa haraka unasagika. Punguzeni mwendo na mtamke konsonanti kwa ukali. Wanaoandaa Pasaka wakumbuke kwamba mara nyingi inaangukia masika, na mvua ya Dar es Salaam juu ya bati haishindani na mtoto, inamfuta. Septemba kwa neema ya Mungu huwa kavu.

Kuna jambo la masikio ambalo hatutalipita haraka. Familia zenye vichanga hukaa mbele ili wawaone wenzao, na mbele ndiko spika ziliko. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha kwamba wastani usizidi desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa dakika 15. Hiyo ni dari, si lengo. Kwa wafanyakazi viwandani kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda salama unakatika nusu. Fanyeni hesabu: kwenye 100 zimebaki dakika 15, na ibada yetu ni saa mbili. Sikio la kichanga haliwezi kujisemea, na kilichoharibika ndani yake hakirudi. Programu ya simu ya kupima sauti inakupa makadirio ya kutosha. Ukikosa simu, nyoosha mkono: mtu aliye kwenye ncha ya mkono wako akilazimika kupaza sauti ili umsikie, hapo ni pakubwa mno kwa mtoto. Mahali pa wazi, kila umbali wa kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, sauti inashuka kama desibeli 6. Ndani ya kanisa inashuka kidogo kuliko hapo, lakini bado inashuka. Tunaomba mita tatu mbele ya kila spika zisiwekwe viti, na wenye vichanga wapewe mabenchi ya katikati.

Ratiba. Watoto wa miaka 4 hadi 6 waimbe kwanza, wimbo mmoja wa dakika mbili au tatu wenye vitendo, kisha warudi kwa wazazi wao. Wakingojeshwa saa nzima ili "wafunge kwa kishindo", watakaofika mbele ni wenye usingizi na wenye haja ndogo. Wakubwa wawe na nyimbo tatu, ngonjera moja, igizo lisilozidi dakika 12. Na mgeni rasmi, kwa heshima yote, azungumze watoto wakiwa wamekaa. Tumeona mara nyingi watoto wamepangwa mistari, wamevaa, wamenyamaza, na risala inaanza. Mtoto aliyesimama wima magoti yamekazwa kwa dakika ishirini kwenye joto, damu inatuama miguuni, kichwani inapungua, anaanguka. Wafundishwe kulegeza magoti na kuhamisha uzito mguu kwa mguu. Akianza kupauka au kutoka jasho jembamba, aketishwe mara moja. Aliyeanguka alazwe chali, miguu iinuliwe, apewe hewa. Msimzunguke.

Sare isiwe mzigo wa familia. Shati jeupe na sketi au suruali ya giza mtoto anayo tayari. Mita moja ya kitenge yenye upana wa sentimita 110 inatoa mikanda kumi ya sentimita kumi, watoto 30 wanavaa kwa mita tatu. Joho la kitambaa cha plastiki linang'aa kwenye picha lakini ndani yake mtoto anachemka.

Sasa kutunza. Ni desturi nzuri, ni upendo, na hatusemi iachwe. Lakini shangazi akija mbele akicheza na noti mkononi ubeti wa kwanza, mtoto anaacha kuimba, anatabasamu, na wenzake wote wanamtazama yeye na ile noti. Wale wasiotunzwa nao wanaona. Kikapu kimoja kitakaa mbele, na milango ya kutunza itafunguliwa kwenye kiitikio cha mwisho cha wimbo wa mwisho. Hapo chezeni, pigeni vigelegele mpaka bati litikisike.

Vivyo hivyo simu. Wazazi kumi wakisimama mbele kurekodi, mtoto anamtafuta wa kwake badala ya kumtazama mwalimu, na bibi aliye nyuma anaona migongo. Mpiga picha atakuwa mmoja, na picha zitawafikia wote. Tutakaa na fomu ya ridhaa ya mzazi kabla ya picha yoyote kuwekwa hadharani, kwa sababu taarifa za mtoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Video yenye jina la mtoto, sare ya shule na mtaa anaokaa inamweleza mtu asiyemjua mahali pa kumpata.

Chakula tutakiweka kifupi: kilo moja ya mchele kwa watoto kumi, nusu kilo ya nyama kwa kila kilo ya mchele, maji ya kutosha. Pilau lisikae nje ya moto zaidi ya saa mbili, na jua likiwa kali saa moja, maana wali uliopoa polepole ndani ya sufuria kubwa unazalisha vijidudu ambavyo kupasha moto hakuondoi sumu yake. Pikeni kwa masufuria mawili ya wastani, la pili liive ibada ikikaribia kwisha.

Mwisho, makabidhiano. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanane, na asiwepo mwalimu peke yake na mtoto mmoja chumbani, hata chooni waende wawili wawili. Mtoto aliye chini ya miaka 7 atachukuliwa na mtu aliyeandikwa jina tu. Akija mjomba ambaye hakuandikwa, tutampigia mzazi simu na mjomba atusamehe.

Mazoezi ya kwanza ni Jumamosi hii saa nane mchana, ukumbi wa chini. Kila mtoto aje na chupa ya maji yenye jina lake. Daftari liko mezani kando ya mlango: andikeni umri wa mtoto, namba ya simu inayopatikana Jumapili asubuhi, na majina mawili ya watakaomchukua.